Safia na Jina la Maryam

Tangu nirudishe funguo za chumba cha ushauri, nyie mliobaki kazini hamniachi. Nikikutana nanyi Darajani mnanishika mkono: "Bi Zeyana, tuandikie." Hata kwenye matanga mnaniandama. Basi nimekaa kuandika. Mara ya kwanza nilijikuta naandika kama ripoti ya mwezi, nikachana. Vyeo na mishahara nitaviruka. Anayevitaka atavikuta kwenye faili langu, na hatachoka kuvisoma, maana si vingi. Nitasema nilivyoanza na nani alinifundisha, halafu nitasimulia habari ya Safia, kwa kuwa ndiyo mnayoniulizia na kila mtu anaieleza anavyotaka. Majina nimeyabadilisha yote. Safia mwenyewe nilimwendea nikamwomba ruhusa. Alisema, "Andika, Bi Zeyana, ila usiandike kuwa nilikuwa mwendawazimu." Siandiki, kwa sababu hakuwa.

Mimi nilitaka kuwa mkunga. Nilipomaliza mafunzo nikapangiwa wodi ya wagonjwa wa akili, na mama yangu alilia kana kwamba nimelazwa mimi. Siku ya kwanza niliingia wodi ya wanawake wakiwa wamekwisha kunywa chai ya asubuhi. Kimya kitupu. Wote wamekaa vitandani, na wote wanaangalia pembe moja ya dari. Nami nikaangalia, sikuona kitu. Aliyenipokea alikuwa Bwana Makame, muuguzi mkuu, mtu mfupi wa maneno machache, aliyetembea na funguo amezifumbata ili zisilie.

"Wanaangalia nini?" nikamuuliza.

"Popo. Aliingia jana."

Nikashusha pumzi. Kesho yake nikaja, popo kesha kutoka, dirisha limefungwa, na wao bado wanaangalia pembe ile ile. Safari hii sikuuliza.

Bwana Makame alinifundisha kukaa. Mnacheka, lakini kukaa na mtu anayezungumza na asiyeonekana, bila ya kutazama saa na bila ya kugeuka nyuma kuangalia, si jambo dogo. Alikuwa akisema, "Mgonjwa akikwambia anasikia sauti, ujue anasikia. Usimbishie, utampoteza. Usimkubalie, utapotea wewe. Muulize inasema nini, halafu unyamaze." Nimehudhuria semina nyingi tangu wakati ule, kwenye vyumba vyenye viyoyozi na vitafunio, na sikuona iliyoyapita maneno hayo.

Miaka ya mwanzo tiba ilikuwa sindano, vidonge na mlango uliofungwa. Baadaye wakaja wakufunzi, wakatufundisha tiba ya mazungumzo. Wengine wetu tulicheka. Kuzungumza? Hapa kwetu nani hazungumzi? Barazani watu wanazungumza tangu alasiri mpaka isha, na hatujasikia aliyepona. Nilichelewa kuelewa kwamba kazi yenyewe ni kumsikiliza mtu mpaka na yeye ajisikie. Vifaa vyake si vya kumwonyesha mgeni: viti viwili vya urefu mmoja, maana kiti cha mshauri kikiwa kirefu mgonjwa anajiona yuko mahakamani, saa iliyotundikwa nyuma ya mgonjwa, jagi la maji, na kanga safi iliyokunjwa. Karatasi za kufutia machozi ni za machozi madogo. Mtu akilia kweli zinamkatikia usoni.

Nilipopewa chumba cha ushauri Mji Mkongwe, ghorofani, kwenye jumba la zamani ambalo kuta zake zinatoa jasho la chumvi, nilivipanga hivyo hivyo. Wengi walionijia walikuwa wamekwisha kupita kwa waganga na kwa walimu wa dua. Sikumwambia mtu avue hirizi yake. Nilimuuliza tu alipovalishwa alikuwa anaogopa nini. Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo lililotufungulia mlango.

Safia aliletwa alasiri moja na mumewe, Abdalla, fundi wa mafriji, mtu wa mikono mikubwa isiyojua ikae wapi.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Karibuni."

"Tushakwenda kote," Abdalla akasema kabla hajakaa. "Kasomewa, kafukizwa, kapewa vidonge na daktari. Vidonge vinamlaza mchana kutwa. Lakini anaitikia hata usingizini."

Safia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, mshonaji wa mabaibui. Hakuwa na macho ya mtu aliyepotea. Nilianza na kazi yake, kama ninavyoanza siku zote, nikamuuliza ushonaji unakwendaje siku hizi.

"Kitambaa cha sasa kinateleza," akasema. "Ukikipiga pasi ya moto sana, kinaanza kuji..."

Akanyamaza. Kichwa kikainama upande, kama mtu aliyesikia kitu ghorofa ya chini.

"Naam," akasema.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo, nyembamba, ya mtoto mtiifu aliyezoea kuitwa. Kisha akanigeukia na sauti yake ya kawaida: "...kinaanza kujikunja pembeni."

Nywele za mikono zilinisimama, nami wakati huo nilikuwa mkongwe wa kazi. Nikatia maji kwenye gilasi, nikampa, nikamuuliza, "Nani amekuita?"

"Mama."

"Mama yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana." Alisema kama anayekutajia mtaa anaokaa.

"Anakuitaje?"

Safia akamtazama mumewe, akatazama sakafu. "Haniiti mimi. Anamwita Maryam."

"Maryam ni nani?"

"Pacha wangu. Alikufa tukiwa na miaka mitano."

Abdalla akageuka mzima mzima. Tangu amwoe hakuwahi kulisikia jina hilo. Kwa Safia hakukuwa na picha ya Maryam wala nguo yake, na hapakuwa na mtu aliyemtaja. Nilimwomba Safia apumzike ukumbini kidogo, nikabaki na mumewe.

"Mke wangu simwogopi," akaniambia, sauti imeshuka. "Naogopea mtoto. Tunaye Nuru, anakwenda mwaka wa sita. Naye anaitikia. Juzi nimerudi nimemkuta kapanda kigoda, kainamia uani kutoka ghorofa ya juu, anasikiliza. Nilimshika kwa nguo. Likiendelea hili, nampeleka kwa mama yangu, kule Fumba. Na sijui kama nitamrudisha."

Nikamwomba anipe muda, nije kwanza niione nyumba.

Walikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe aliyoiacha mama yake Safia, Bi Fatma. Nyumba zile mnazijua: vyumba vimezunguka uwazi wa katikati, na ukisimama kwenye kizuizi cha mbao juu unaona mpaka uani chini. Ghorofa ya kati ilikuwa imefungwa, ya warithi walioko nje. Chini palikuwa na jiko la zamani ambalo halipikiwi tena. Nilikwenda alasiri, maana sauti ilikuwa haiji ila wakati huo, baada ya sala, jua likiwa limelala kwenye kuta na madirisha ya jirani yote yamefungwa.

Nilimwacha Safia chumba cha nyuma kwenye cherehani, mlango umerudishwa. Mimi nikakaa na Nuru chumba cha mbele, anapanga vifungo vya mama yake kwa rangi. Alikuwa mtoto mzito wa maneno, anayefikiri kabla ya kukujibu. Tulipanga vyeupe, tukaanza vyeusi.

Akainua kichwa. "Naam," akasema. Na wakati ule ule, kutoka chumba cha nyuma, "Naam." Sauti moja, kutoka vyumba viwili.

Nilingoja mpaka nikawa na uhakika wa sauti yangu. "Nani, Nuru?"

"Bibi."

"Anasemaje?"

"Anamwita Maryam."

"Na Maryam ni nani?"

"Sijui." Akaweka kifungo cheusi mahali pake. "Lakini mtu asipoitikia, bibi anapanda ngazi."

"Amewahi kufika wapi?"

"Pale kwenye mlango uliofungwa," akasema. Ghorofa ya kati. "Mama akaitikia, bibi akarudi chini."

Nilifanya ambalo kila mmoja wenu angefanya: nilitafuta sababu. Nikagundua kwamba nyumba ya wageni iliyo ubavuni ina pampu ya maji, inawashwa alasiri, na bomba lake limepita ndani ya ukuta mmoja na wao. Likianza linatoa mlio mzito, wa mvuto, unaoweza kumwingia mtu kama jina. Nilifurahi sana na pampu ile. Nikamweleza daktari wetu, naye akafurahi. Wiki iliyofuata nilikwenda tena na umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Pampu kimya, bomba kimya, mafeni yamesimama. Adhana ilisomwa bila ya vipaza sauti. Baada ya sala mama na mtoto waliitikia pamoja, kama siku zote. Nikawa sina pampu tena.

Basi nikarudi kwenye viti viwili. Safia alikuja kila wiki. Daktari alimpunguzia vidonge kidogo kidogo, akambakishia vya kumpa usingizi, maana mtu asiyelala hatibiki kwa maneno wala kwa kitu chengine. Nilimuuliza sauti inasema nini, nikanyamaza. Ilichukua muda mrefu, lakini siku moja alikuja amekwisha kuamua.

"Mama alikuwa Pemba," akasema. "Kafiwa na shangazi yake, kenda matangani. Huku nyuma mimi na Maryam tukapata surua. Mimi nikanyanyuka, Maryam hakunyanyuka. Kazikwa siku ile ile. Mama karudi, hakuona maiti wala jeneza. Kaona kitanda kina mtoto mmoja."

"Alisemaje?"

"Aliuliza, 'Maryam yuko wapi?' Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja anamtazama mwenziwe. Kesho yake alasiri akasimama uani, akatuita tushuke tuvae twende chuoni kusoma Kurani, kama kawaida yake. Akaniita mimi kwanza, nikaitikia. Halafu akamwita Maryam. Akaita, akaita. Watu wote kimya, wanalia. Bibi akanivuta pembeni, akanambia, 'Akimwita Maryam, itikia wewe. Atatulia.' Nikaitikia. Akatulia kweli."

Alikunywa maji, akaendelea.

"Siku ya pili akaita tena. Na ya tatu. Baadaye akawa haniiti mimi. Akaita Maryam tu, mimi niko pale pale, namuitikia. Jina langu nililisikia skuli. Nimekua nnaitikia, nimeolewa nnaitikia, Abdalla akiwa kazini. Mpaka amekufa. Nikasema, sasa nimepumzika. Kumbe hajui kama amekufa."

Nilipata mambo mawili pale. La kwanza, kwamba Nuru alikuwa amefikia umri ule ule wa Maryam, na mara nyingi huzuni iliyofukiwa huamka mtoto wetu anapofika pale tulipoumia sisi. La pili, kwamba mtoto huyu alikuwa anafundishwa kazi bila ya mtu kukusudia kumfundisha. Alimwona mama yake mkono ukisimama, shingo ikiinama, naye akafuata. Hivyo ndivyo nilivyomweleza daktari, na bado naamini sehemu kubwa ya maneno hayo. Vipi waliitikia pamoja wakiwa vyumba mbali mbali na milango imerudishwa, sina maelezo, na sitayatunga.

Tukaanza na kiti kitupu. Nimewafundisha wengi wenu: unamweka aliyekufa kwenye kiti, unamwambia ulichobaki nacho. Safia alikitazama kiti kile, akatikisa kichwa.

"Nikimwambia Maryam amekufa, nnamuua mara ya pili. Na nikimwambia mimi Safia, hatanijua."

"Na usipomwambia?"

Alikisogeza kiti kile ukutani, akaaga. Lakini wiki iliyofuata alikuja amekwisha kumsikia Abdalla akipiga simu Fumba, akimuuliza mama yake kama chumba cha uani kina nafasi. Akakaa, akafunga mkoba wake vizuri, akasema, "Siitikii tena. Nnayo maneno ya kumwambia. Lakini uwepo."

Nilikuwepo. Nuru tulimpeleka kwa jirani. Abdalla alikaa chini, kwenye mlango wa nje, alivyotaka mwenyewe. Mimi na Safia tulikaa juu, viti viwili vimeelekea ngazi. Adhana ikasomwa, tukasali, tukarudi kukaa. Nilisikia njiwa juu ya paa, halafu sikuwasikia.

Safia akajifunika mdomo kwa mkono.

"Kaita," akasema ndani ya kiganja.

"Mwache aite."

"Kaita tena." Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji. "Bi Zeyana, anapanda."

Nilisikiliza, kama alivyonifundisha Bwana Makame, bila ya kugeuza shingo. Nilisikia nyumba: mbao zinalia, kama nyumba zote za zamani jua likipungua. Huo ndio ukweli ninaoweza kuuapia. Lakini zilianza kulia chini, kisha zikalia karibu.

"Yuko kwenye mlango uliofungwa," Safia akasema. "Hajasimama. Anakuja." Alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Hajapata kufika hapa."

"Ulisema unayo maneno."

"Yuko mbele yetu."

"Basi mwambie."

Safia akateremsha mkono kutoka mdomoni. Alizungumza na nafasi tupu kichwani mwa ngazi, kwa sauti yake mwenyewe, ya mtu mzima.

"Mama, mimi Safia. Maryam alikufa kwa surua, wewe ukiwa Pemba. Walimzika, hukuwahi kumuona. Walikuonea huruma, hawakukwambia. Bibi alinambia niitikie mimi, nikaitikia, maana nilitaka utulie. Nimechoka, mama. Mimi nipo. Miaka yote hii nipo."

Pazia la mlango wa ngazi likajaa, likarudi. Dirisha lilikuwa wazi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Safia akaanza kulia, nikampa kanga, akailoanisha yote. Alipoweza kusema nikamuuliza, "Amekujibu?"

"Hajajibu. Kanitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Sasa hayupo."

Kuanzia siku ile hakusikia tena. Alilala. Alishona. Abdalla aliniletea papai kubwa, akaliweka mezani, na mimi nikamwambia daktari kwamba tunaelekea kumaliza. Laiti ningeishia hapo ningekuwa na kisa kizuri cha semina.

Haukupita muda mrefu, Abdalla akanipigia simu. "Mama yake hasikii tena," akasema. "Nuru anasikia."

Nilimkuta mtoto na vifungo vyake. Alinisalimia vizuri. Nikamuuliza habari za bibi.

"Hapandi siku hizi," akasema. "Anakaa kwenye ngazi za kati. Analia."

"Anasema kitu?"

"Anauliza Maryam yuko wapi." Akanitazama usoni. "Mimi simjui Maryam. Nimemuuliza mama, kasema nicheze."

Safia alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Sikuhitaji kumpa somo. Alikuja akakaa chini, kwenye mkeka, na hapo hapo akamweleza mwanawe: kwamba alikuwa na pacha, walivyokuwa wakilala kitanda kimoja, surua, safari ya Pemba, na bibi alivyorudi akakuta kitanda kina mtoto mmoja. Nuru alisikiliza mpaka mwisho.

"Maryam amezikwa wapi?"

Safia hakujua. Wanawake kwetu hatwendi kuzika, na baada ya maziko hapakuwa na aliyetaja kaburi. Ilibidi aulizwe Mjomba Seif, ndugu yake Bi Fatma, mzee aliyebaki peke yake katika wale waliokuwepo. Asubuhi moja alitupeleka Mtoni, kwenye makaburi ya ukoo wao, nyuma ya njia ya Bububu. Alitangulia na panga akifyeka majani, akafika kwenye kaburi dogo la mawe yaliyoota kuvu.

"Huyu Maryam," akasema. Kisha akaelekeza panga kwenye kaburi jipya lililolala sambamba nalo, halikuachana nalo hata kwa upana wa mkeka. "Na mama yako tulimlaza hapa. Nafasi ilikuwa ipo."

Safia akakaa pale pale majanini. Maskini, alikuwa hajui. Nuru alisimama miguuni mwa makaburi yale mawili, akatazama hili, akatazama lile.

"Babu, bibi anajua?"

"Anajua nini, mjukuu wangu?"

"Kama Maryam yuko hapa."

Mjomba Seif alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Sidhani kama kuna mtu aliyemwambia," akasema. Tukasoma Fatiha. Kuna vikao ambavyo mshauri hana la kutia.

Kesho yake alasiri nilikwenda nyumbani kwao. Abdalla alikuwepo, hakwenda kazini. Tulikaa chumba cha mbele, tunakula tambi za kaanga, kila mmoja anajifanya hangoji kitu. Adhana ilikuwa imekwisha. Nuru aliinua kichwa, akafuta mikono kwenye gauni.

Hakuitikia. Alisimama, akatoka, akaenda kwenye kizuizi cha mbao. Abdalla alikurupuka, nikamwashiria asubiri. Safia alimfuata mtoto, akamshika gauni kwa nyuma kwa mikono miwili. Nuru akachungulia chini, kwenye ngazi za kati, akasema taratibu, kama anayemwelekeza mtu mzima asiyeona vizuri:

"Bibi, Maryam umelala naye. Yuko ubavuni kwako. Geuka tu, utamuona."

Kisha akasikiliza. Sote tulisikiliza. Sikusikia kitu, na sitaki mtu aje aseme Bi Zeyana alisikia.

"Kasemaje?" Safia akauliza.

"Hajasema." Nuru akageuka. "Kashuka. Nimesikia viatu vyake vya mti vinakwenda, mpaka nje."

Safia aliliachia gauni la mtoto. Baadaye aliniambia kwamba mama yake alikuwa akivaa viatu vya mti uani, sakafu ikiwa na maji, zamani wao wakiwa wadogo. Aliviacha siku aliyorudi kutoka Pemba, na Nuru hakupata kuviona wala kusikia habari zake.

Sauti haikurudi, si kwa mama wala kwa mtoto. Niliwafuatilia mpaka nilipostaafu. Nuru yuko skuli, anapenda hesabu, na chumba cha Fumba kapangishwa mtu mwengine. Lakini siku ile hakuna aliyeyajua hayo bado. Mtoto alirudi kwenye tambi zake, Abdalla alimwongezea sukari ambayo hakuiomba, Safia alibaki kwenye kizuizi akitazama chini bila ya woga, na mimi nikaaga. Niliteremka zile ngazi nimeshika ukuta. Nikaupita mlango uliofungwa. Nilipofika uani nilisimama kidogo, nikasema, "Kwaheri, Bi Fatma," na sioni haya kuliandika hilo. Kisha nikaondoka.